UZI: Mwaminifu, anayeaminika na mwadilifu si mtu mmoja

Mwanzisha uzi, Nakuru

Ndugu wasomaji, naanzisha uzi huu kwa sababu neno "mwaminifu" limetumika ovyo katika miji yetu hadi limekaribia kukosa maana. Tembea kutoka Nakuru mjini hadi Njoro ukisoma matangazo ya kazi yaliyobandikwa kwenye kuta na nguzo za stima: anatafutwa msichana wa kazi, mwaminifu, anatafutwa mwendesha bodaboda, mwaminifu, anatafutwa mhudumu wa mkahawa, mwaminifu na mchangamfu. Soma pia barua za mapendekezo ambazo vijana wetu hupewa na wachungaji, walimu wakuu na machifu. Kila kijana "ni mwaminifu na mchapakazi," hata yule ambaye mwandishi wa barua hajawahi kumtuma dukani na shilingi kumi. Kisha mwandishi huyo huyo anatia sahihi yake chini ya maneno "wako mwaminifu," ilhali yeye na anayeandikiwa hawajawahi kuonana.

Hoja yangu ni kwamba mwaminifu ni mtu aliyeshika kitu cha mwingine, akapata nafasi ya kukila bila kuonekana, na bado akakirudisha au akakitumia kama alivyoagizwa. Asiyewahi kukabidhiwa kitu anaweza kuwa mpole, mkweli, mcha Mungu na mwenye heshima zake, lakini uaminifu wake bado haujajulikana, na kumwita mwaminifu ni kumtolea ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Nianze na mzizi. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu kundi zima la maneno yenye asili moja: amini, imani, amana, amani, na hata ile amina tunayofungia sala. Wengi hudhani kwamba katika kundi hilo neno lililo karibu zaidi na "mwaminifu" ni "imani." Mimi nasema ni "amana." Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie, huku kikibaki kuwa chako: fedha, ufunguo, hati ya shamba, mtoto, siri. Anayekipokea hakimiliki, ila anabeba wajibu wa kukilinda kana kwamba wewe umekaa naye chumba kimoja. Ndiyo sababu wazee hawakuwa na haja ya kusema kwamba mtu fulani ana tabia nzuri. Walisema tu kwamba ukimwekea amana utaikuta.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya jambo hili halikungoja vitabu vya shule. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika Mumias, na reli ilipoingia Kisumu mwaka 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, Kiswahili kilikuwa kimeshatangulia kwa njia ya misafara hiyo. Lugha inayokuja na biashara huja na maneno ya biashara, kama vile amana, dhamana, rehani, deni na faida. Mtu aliyeacha mzigo kwa mwenyeji wake akaendelea na safari hakuwa na stakabadhi ya benki mfukoni; alichokuwa nacho ni jinsi alivyomjua mwenyeji huyo.

Sasa tulitazame umbo la neno lenyewe, kwa maana hapo pana jambo ambalo naona halijadiliwi vya kutosha madarasani. Viambishi -ifu na -vu hukifanya kitenzi kuwa sifa. Anayesahausahau ni msahaulifu, anayeharibu ni mharibifu, anayevumilia ni mvumilivu, anayetii ni mtiifu. Kwa mtindo huo, mwaminifu angekuwa mtu anayeamini, mwepesi wa kusadiki anachoambiwa. Lakini sivyo ilivyo. Anayeamini ni mwamini au muumini, na mwaminifu ni yule ambaye wengine humwamini. Tii na amini vinafanana kwa umbo, ila sifa zilizozaliwa nazo zimeelekea pande mbili tofauti, kwani mtiifu ndiye anayetii, lakini mwaminifu ndiye anayeaminiwa. Kwa maoni yangu, njia nyoofu zaidi ya kulieleza hili ni kuliweka neno letu pamoja na sifa zinazotokana na vitenzi vya hali. Aliyechangamka ni mchangamfu, aliyetukuka ni mtukufu, aliyeongoka ni mwongofu, na aliyeaminika hadi kuaminika huko kukawa ni sehemu ya utu wake ni mwaminifu. (Wanafunzi wasiyachanganye haya na nadhifu au dhaifu, ambayo yametoka Kiarabu pamoja na mwisho wake huo.)

Ukishaona hivyo, tofauti kati ya "anaaminika" na "ni mwaminifu" inajitokeza yenyewe. "Anaaminika" ni habari za watu wanaomtazama. Inatuambia wao wanaonaje. "Ni mwaminifu" ni habari zake yeye. Tapeli hodari huaminika kuliko majirani zake wote, kwa sababu bila kuaminika hawezi kutapeli. Kwa upande mwingine, yupo mtu mwaminifu ambaye haaminiki, labda kwa sababu ni mgeni mtaani, au ametoka jela, au ana uso ambao watu hawaupendi, na maskini huyo anaweza kuishi miaka mingi bila mtu kumpa nafasi ya kuonyesha alivyo. Ndiyo sababu pia vitu huaminika lakini haviwi vyaminifu. Magazeti yetu huandika "duru za kuaminika," fundi hukuuzia "pikipiki ya kuaminika," mkulima hutaka "mizani ya kuaminika," na hakuna Mswahili anayesema mizani ni aminifu, kwa kuwa mizani haina nafsi ya kushawishika.

Mwadilifu naye ni mtu mwingine. Asili ya neno lake ni haki na usawa. Katika soko lolote la nafaka huku kwetu utaona mahindi na maharagwe yakipimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Upo mkebe ambao kitako chake kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, ili ukijaa ubebe pungufu, na muuzaji anaufunika kwa kiganja wakati wa kuchota ili usiuone. Upo pia mkono unaoujaza hadi punje zikamwagika pembeni, kisha ukaongeza konzi moja ya nyongeza. Muuzaji wa kwanza hakukabidhiwa amana na mtu. Alichovunja ni haki ya mnunuzi, kwa hiyo upungufu wake ni wa uadilifu. Wa pili ni mwadilifu na mkarimu, lakini bado sijui kama ningemwachia mkoba wangu.

Maneno haya mawili hukutana mahali pamoja, nako ni katika uongozi. Kifungu cha 73 cha Katiba ya Kenya ya 2010, katika Sura ya Sita, kinayahesabu mamlaka ya afisa wa serikali kuwa ni dhamana ya umma. Hapo mtu anatakiwa awe mwadilifu kwa sababu anagawa haki, na awe mwaminifu kwa sababu anachogawa si chake.

Nawaomba wachangiaji waniambie kama mnalitumia neno hili kwa namna nyingine huko mliko.

Mchangiaji, Kisumu

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, na mengi nakubaliana nawe, ila naona umelibana neno hili mno. Huku Kisumu mtu akisema "huyu mama ni mwaminifu," mara nyingi ana maana kwamba hasemi uongo. Nadhani sababu iko wazi. Kijaluo humwita mtu wa namna hiyo jaadiera, na adiera ni kweli. Kwa hiyo anayefikiri kwa Kijaluo na kusema kwa Kiswahili, uaminifu na ukweli kwake ni kitu kimoja. Huwezi kumwambia mzee wa Nyalenda kwamba amekosea kwa miaka yote hiyo, kwani wanaomsikiliza humwelewa barabara.

Tena kuna suala la ahadi. Ninaye fundi wa nguo ambaye ukimpelekea mita nne za kitenge na nguo ikachukua tatu na nusu, hiyo nusu atakukunjia vizuri na kukurudishia pamoja na nguo, hata vipande vidogo vya kutosha kufunika kifungo. Lakini akikuambia Ijumaa, ujue ni Ijumaa ya mwezi ujao. Jirani zangu wote humsema kwamba si mwaminifu. Kwa kipimo chako yeye ni mwaminifu kabisa, maana amerudisha amana hadi uzi wa mwisho. Je, nguo ya harusi ikikamilika baada ya harusi, tuseme nini?

Mchangiaji, Mumias

Naomba niingie hapo kabla mwanzisha uzi hajajibu, kwa sababu jibu la dada yetu wa Kisumu tulifundishwa madrasani tukiwa watoto, na huku Mumias madrasa ni nyingi. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, dalili za mnafiki ni tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, na akiaminiwa hufanya khiyana. Angalia kwamba zimehesabiwa mbalimbali. Kama uongo, kuvunja ahadi na kula amana vingekuwa kitu kimoja, ingetosha kutaja kimoja. Fundi wa dada yetu ameanguka katika la pili na amesimama imara katika la tatu, na ni haki aelezwe hivyo. Mtume mwenyewe, kabla ya kupewa utume, watu wa Makka walimwita Al-Amin, na walikuwa wakimwekea mali zao. Sifa hiyo aliipata katika shughuli za watu, mbele ya watu.

Ninataka kuongeza neno lililo kinyume, kwa kuwa maana ya neno huonekana vizuri zaidi likisimamishwa mbele ya kinyume chake. Kinyume cha amana ni khiyana, na kutoka hapo Kiswahili kimepata kuhini, hiana na uhaini. Siku hizi uhaini tunausikia mahakamani tu, likiwa jina la kosa la kuisaliti nchi, na wengi hawatambui kwamba ni neno lile lile la mtu aliyekula akiba ya shangazi yake. Aliyewekwa kulinda nchi akaiuza ni mwenye kuhini amana, tofauti ni ukubwa wa amana tu.

Hata hivyo nina swali kwa mwanzisha uzi. Umesema mwaminifu ni lazima awe amekabidhiwa. Mtu akiokota pochi barabarani, au fedha zikiingia kwenye simu yake kwa makosa, hakuna aliyemkabidhi. Walimu wetu huhesabu kitu kilichookotwa kuwa ni amana mikononi mwa aliyekiokota mpaka mwenyewe apatikane. Unasemaje?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Nawashukuru nyote wawili. Dada wa Kisumu, sisemi kwamba mzee wa Nyalenda anakosea. Neno likipita katika lugha nyingine hurudi na harufu ya huko, na Kiswahili cha Kisumu kina haki ya kuwa na rangi yake. Ninachosema ni kwamba kwa ukweli tunalo neno tayari, nalo ni mkweli, au msema kweli, yule ambaye methali inamwita mpenzi wa Mungu. Kwa ahadi tunaweza kusema mtu wa ahadi, au kwa upande mbaya, kigeugeu, na methali nyingine inasema ahadi ni deni. Kwa kutunza cha mwenzako tunalo mwaminifu peke yake. Tukilitumia kwa yote matatu, siku tutakayotaka kusema hilo la tatu hatutakuwa na neno la kulisemea. Kuhusu fundi wako, ningesema: ni mwaminifu wa kitambaa, si mtu wa ahadi. Anayesikia hivyo atajua apeleke nini kwake na kwa muda gani kabla ya harusi.

Hata hivyo kuna jambo moja kuhusu mkweli ambalo ni lazima nilitaje. Mkweli anaweza kukosa uaminifu kwa ukweli wake huo huo. Umemwambia rafiki yako siri ya ugonjwa wako. Akaulizwa na jirani. Akajibu kweli tupu. Hakusema uongo hata neno moja, lakini amekula amana yako, kwa sababu siri ni amana. Kiswahili kina neno zuri sana kwa yule asiyefanya hivyo: msiri. Nasikitika kwamba vijana wengi siku hizi hulifahamu kama mtu mwenye kuficha mambo yake mwenyewe, ilhali msiri wako ni mtu anayeficha mambo yako wewe.

Kwa ndugu wa Mumias, swali lako ni zito, na naukubali msimamo wa walimu wako, kwa sababu unaliweka neno mahali pake bila kulinyoosha kupita kiasi. Kukabidhiwa si lazima kuwe kwa mkono na maneno. Chukua mfano wa M-Pesa, ambayo tunaitumia tangu 2007. Mzazi anayetuma karo akikosea tarakimu moja, fedha zinaingia kwa mtu asiyemjua, pengine yuko Kitale au Malindi. Mzazi atapeleka ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom akiomba zirejeshwe, lakini ikiwa mpokeaji ameshazitoa kwa wakala, kilichobaki ni moyo wa mpokeaji. Katika dakika zile chache, simu ikiwa mkononi na salio limeongezeka, yeye ameshika cha mtu na hakuna anayemwona. Masharti yote ya amana yametimia isipokuwa makubaliano. Akizirudisha, ninamwita mwaminifu bila kusita, tena uaminifu wake ni wa daraja la juu, kwani hakuna uhusiano aliokuwa akiulinda wala sifa aliyotarajia kupata.

Jambo hilo linaonyesha pia kwa nini mfano wa Injili wa mtumwa mwema na mwaminifu huhusu talanta zilizoachwa na bwana aliyesafiri. Bwana angebaki nyumbani, kusingekuwa na la kuhukumu.

Mchangiaji, Busia

Mimi ni mshiriki wa chama cha akina mama huku Busia, na nimesoma uzi huu nikiwa na swali ambalo tumelijadili kikaoni zaidi ya mara moja. Akiba yetu hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mwanachama wa nne, ambaye hana ufunguo wowote. Siku ya kikao wote watatu hufungua mmoja baada ya mwingine, fedha humwagwa kwenye leso iliyotandikwa mezani, wahesabu fedha wawili huhesabu kwa sauti, na kila mwanachama husikia jumla kabla ya kitu chochote kuandikwa katika daftari. Baadhi ya wenzetu husema mpango huu unatutukana, kwamba kufuli tatu ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba kama mweka hazina ni mwaminifu basi apewe fedha akae nazo. Wengine tunauona ndio uliotuweka pamoja.

Pia, mwenyekiti wa chama kimoja tunachokifahamu huwaambia wanachama wake kwamba anataka uaminifu kutoka kwao, na nikisikiliza vizuri naona anachotaka ni kwamba wasimpinge. Je, hayo nayo ni matumizi sahihi?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Mama wa Busia, umetupa mfano ambao ningependa usomwe na kila mwanachama wa chama kuanzia huko hadi Naivasha.

Wenzako wanaotaka kufuli ziondolewe wanaona uaminifu kama kitu ambacho mtu anacho kamili au hana kabisa, na kwamba kukilinda ni kukitilia shaka. Mimi naona kufuli hizo zinalinda vitu viwili. Zinalinda fedha, na zinalinda jina la anayekaa na sanduku. Siku fedha zikipungua katika chama kisicho na kufuli, mweka hazina hana njia ya kujitetea hata kama mwizi ni mume wake, mwanawe au mgeni aliyelala sebuleni. Hasara itasahaulika, lakini jina lake halitarudi. Kwa hiyo mweka hazina mwaminifu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kufuli, daftari na kuhesabiwa kwa sauti. Nami ningemshangaa anayekataa.

Zingatia pia kitenzi ambacho wenzako wametumia, kuaminiana. Ni kitenzi cha kutendeana, na katika chama hakiwezi kuelekea upande mmoja. Wanachama wanamwamini anayetunza sanduku kwamba hatalivunja, naye anawaamini wenye funguo kwamba hawatakula njama dhidi yake. Kufuli tatu hazifuti uaminifu huo. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu bado linaweza kuvunjwa kwa mtaimbo usiku mmoja, na wanne wenye nia mbaya wanaweza kuafikiana. Hawafanyi hivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi siku ya kugawana, na hapo ndipo nasema ninyi ni waaminifu kwa maana kamili ya neno.

Kuhusu mwenyekiti, hapana, hayo si matumizi sahihi, na ndiyo yanayoniudhi kuliko yote niliyotaja. Anachotaka ni utiifu. Mtiifu hufuata amri ya mtu. Mwaminifu hulinda kitu cha mtu. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, lakini siku yanapoachana ndipo unapojua nani ana lipi. Mwenyekiti akiagiza mweka hazina atoe fedha za wanachama kwa shughuli zake binafsi, mtiifu atazitoa. Mwaminifu atakataa, kwa sababu amana si ya mwenyekiti, ni ya wanachama. Hapo mwenyekiti atamwita msaliti, na wasiojua maneno wataitikia. Tumeyasikia haya pia katika siasa zetu, ambapo mbunge husifiwa jukwaani kwa kuwa "mwaminifu kwa kiongozi wa chama" baada ya kuipigia kura hoja ambayo watu waliompeleka bungeni hawaitaki. Amana aliyoishika ni kura za watu hao. Kwa kiongozi wa chama alikuwa mtiifu. Kwa wenye amana alikuwa nani?

Ndiyo sababu ninapenda kila mara neno hili lifuatwe na "kwa" au "katika." Mwaminifu kwa nani? Mwaminifu katika nini? Mke na mume waaminifu wanajulikana ni kwa nani na katika lipi, na hakuna anayehitaji kuuliza. Mahali pengine pote swali hilo likikosa jibu, ujue neno limewekwa kama pambo.

Mchangiaji, Njoro

Mwanzisha uzi, mimi ni mmoja wa wale unaowalaumu, kwani huandika barua nyingi za mapendekezo kwa vijana wanaotafuta kazi, wengi wao wakiwa ni watoto wa majirani. Nikiacha kuandika "mwaminifu," mwajiri ataona nimeliruka kwa makusudi na kijana atakosa kazi. Unanishauri niandike nini? Na ile "wako mwaminifu" nayo niiache?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Ile ya mwisho iache ilivyo. Ni ada ya barua rasmi, tumeirithi kutoka katika barua za Kiingereza za ofisini, na hakuna msomaji anayeichukua kama ushahidi. Kuibadilisha kutamfanya mwajiri aitazame sahihi yako badala ya kumtazama kijana.

Kuhusu kijana mwenyewe, tumia neno hilo kwa wale uliowaona wakishika kitu, na useme ni kitu gani. Maneno machache yenye tukio huaminiwa kuliko mstari mzima wa sifa, na mwajiri aliyesoma barua kumi zenye "mwaminifu na mchapakazi" atasimama kwenye ya kumi na moja kama inasimulia jambo. Kijana aliyekusanya michango ya matanga katika mtaa wenu akaikabidhi yote pamoja na orodha ya majina, huyo mwandikie hivyo hivyo. Binti aliyeachiwa ufunguo wa duka la mama yake likizo nzima na hesabu zikakubaliana, mwandikie hivyo.

Kwa yule usiyemjua kwa kiasi hicho, usimnyime barua wala usimtolee ushahidi usio nao. Andika ulichokiona kwa macho yako, kwamba ni mkweli katika mazungumzo, au hajawahi kufika kazini akiwa amechelewa, au ana adabu kwa wakubwa na wadogo. Kisha, kama moyo wako unamwelekea, mpe jambo dogo alishike kabla hajarudi kuchukua barua yake: mtume Nakuru mjini akulipie bili ya maji na akuletee risiti na chenji. Akirudi navyo, chukua kalamu uandike: "Nimemkabidhi fedha zangu, naye amenirudishia risiti na chenji bila upungufu, kwa hiyo nathibitisha kuwa ni mwaminifu."